Njia Iliyosafishwa Mno

Mwanamume niliyekubali anioe ana ugonjwa wa kusafisha. Simaanishi kufua wala kuosha vyombo. Huko nimemwona, na sitatoa ushahidi mbele ya watu. Namaanisha kwamba hawezi kuona kitu kirefu akakiacha kirefu. Ukimsimulia kisa, anakurudishia kisa hicho hicho kwa sentensi moja, halafu anakutazama kana kwamba amekufanyia hisani.

Tulikutana kazini. Karakana yetu iko Kariokor, ghorofani, juu ya mafundi wa viatu vya ngozi na wakata akala za matairi, na tangu asubuhi nyundo zao hugonga chini ya miguu yetu. Sisi tunatengeneza visanduku vya makanisa. Kisanduku unakiunganisha na spika na maikrofoni, kinarekodi kwaya na mahubiri, kisha kinatoa matangazo ibada ikiisha. Ndani yake mna kompyuta ndogo isiyo na skrini wala huruma, na programu yake tunaiandika kwa lugha ya C, lugha isiyokubebea mzigo wowote. Ukitaka kuandika jina la faili, ni wewe unayetenga nafasi ya kila herufi. Ukitenga nafasi finyu na jina likawa refu, herufi zinazozidi hazigomi. Zinamwagikia kwenye nafasi ya jirani na kuharibu mambo yake, na wewe huambiwi kitu mpaka mchungaji apige simu.

Kazi ya mchumba wangu ilikuwa njia. Kila faili ina njia yake, yaani maelezo ya pa kuipata: anzia kwenye shina, ingia folda hii, kisha hii, kisha hii, na kati ya jina na jina unaweka mkwaju, ule mstari ulioinama tuliofundishwa shule ya msingi. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtoto. Lakini njia hizo huunganishwa vipande vipande. Kipande kimoja unaletewa kikiwa kimemalizika kwa mkwaju, kingine kimeanza kwa mkwaju, na unapoviunganisha unajikuta na mikwaju miwili imebanana. Siku nyingine hakuna aliyeweka hata mmoja, na folda ya kwaya inashikana na jina la wimbo, yanakuwa jina moja refu lisilopatikana popote.

Halafu kuna nukta. Nukta moja maana yake ni hapa hapa, haikupeleki mahali. Nukta pacha, zikifuatana, maana yake ni rudi nyuma, panda kwenye folda iliyo juu yako. Kwa hiyo ukiandika "kwaya", kisha nukta pacha, kisha "matangazo", umeiambia kompyuta iingie kwa kwaya, itoke, ndipo iende kwenye matangazo.

Yeye aliandika kipande cha programu cha kufagia hayo yote. Mikwaju miwili inakuwa mmoja. Nukta ya peke yake inatupwa. Na kila palipo na jina likifuatwa na nukta pacha, vyote viwili vinafutwa kwa sababu, alivyosema, aliyeingia na kutoka hajaenda popote. Kilikuwa kipande kizuri, sina budi kusema, kifupi na kisafi. Alikifungua kwenye skrini akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Kazi yangu mimi ni kuharibu kazi za wenzangu kabla makanisa hayajaziharibu. Nikamwekea linki.

Linki ni folda ya uongo. Ina jina kama folda nyingine yoyote, lakini ukiingia unajikuta umetupwa kwingine kabisa. Kwenye kisanduku chetu tulikuwa na moja tuliyoiita "leo". Ukiingia "leo" unaibukia ndani ya flashi ya kanisa iliyochomekwa kwenye kisanduku, kwenye folda ya Jumapili hiyo. Sasa ukiwa mle ukaambiwa urudi nyuma, hurudi kwenye kisanduku ulikotoka. Unapanda kule kule kwenye flashi. Umeingilia mlango mmoja na kutokea mwingine. Programu yake haikuyajua hayo. Iliona maandishi tu, "leo" na nukta pacha, ikayafuta kwa furaha, na matangazo yakawa yanaandikwa kwenye tumbo dogo la kisanduku badala ya flashi, mpaka tumbo likajaa na kisanduku kikanyamaza.

"Hii yako inafuta kitu ya maana," nilimwambia.

"Kwani ni nani ataweka linki hapo?"

"Mimi. Nimeweka."

"Wewe ni wewe. Mtu wa kawaida hawezi."

"Si ungeuliza mashine kwanza kama hiyo ni folda ama ni linki? Kuuliza si ujinga."

"Nianze kuuliza kila folda? Tutakesha hapa. Hiyo njia unaisoma tu, unaona imeingia na imerudi. Ni kitu moja. Wacha zako, manze."

Nilimwambia kusoma ramani si kutembea. Akaniambia mimi ninapenda shida. Tukajibizana mpaka mafundi wa chini wakaacha kugonga ili wasikie vizuri. Kipande chake kikabaki vile vile, na mimi nikabaki na hasira zangu, na katikati ya hayo yote tulikuwa bado tunapendana na tulikuwa na mipango.

Mipango yenyewe ilikuwa watu wake waje kwetu. Hatukuwa tumefika kwenye mahari. Walikuwa wanakuja kujitambulisha tu na kusema kilichowaleta. Lakini kila mtu anajua kwamba mambo huanza kuharibika siku hiyo ya kwanza. Baba yangu akimkataa mgeni mara moja, hata ukimletea malaika wa kumwombea radhi, utampotezea malaika wakati.

Wazazi wangu walitoka Ukambani, baba akawa dereva, na mimi nimezaliwa Shauri Moyo kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizojipanga kwa laini, mlango ukitazama mlango. Laini yetu ina desturi yake. Mgeni anayekuja kwa habari ya msichana haendi moja kwa moja kwa wazazi wa msichana. Ukoo wetu uko mbali, kwa hiyo jirani ndiye ukoo. Mgeni anaingia kwanza kwa jirani, anapewa maji, anaangaliwa toka utosini hadi viatuni, anaulizwa yeye ni nani. Jirani akiridhika anatoka naye na kumleta. Asiyeletwa hajafika, hata kama amesimama mlangoni na mkono umeshika kitasa.

Jirani yetu ni bibi tunayemwita Shosho, wa mlango wa kijani, anayetazamana nasi. Ni mjane mkali anayependa habari kuliko chai, na utotoni alinikimbiza kwa mwiko kwa kosa la kukanyaga sukuma wiki zake. Harusi zote za laini hii zimepitia kwenye mlango wake.

Mama alimtumia mchumba wangu maelekezo kwa sauti, kwenye simu. Mama yangu akikuelekeza, anakuelekeza na njia za kupotelea, maana anaamini kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Alisema hivi: "Mkitoka Gikomba mtapata watu wa masufuria. Kuna kibarabara hapo cha matope, mkiingia hicho mmepotea, rudini. Mbele kuna kanisa ya mabati ya bluu. Hapo hamna shughuli, lakini mkiingia kusalimia, mtoke mrudi kwa barabara. Mtafika pahali palikuwa na mti. Mti ulikatwa, lakini ni hapo. Mkiona vyoo, si huko, rudini. Mtaona laini iko na tangi. Sasa mtaingia kwa Shosho, mlango wa kijani, mtoke, mje kwetu, mlango wa kahawia."

Mchumba wangu aliyasikiliza maneno hayo kazini, akiwa na visikizi masikioni, huku akitabasamu. Lile tabasamu lingenishtua kama ningekuwa makini. Mimi nilidhani anamcheka mama kwa upendo, kumbe anafagia. Kila palipo na ingieni ikifuatwa na rudini au mtoke, alifuta vyote viwili, kisha akawaandikia wazee wake njia safi: Gikomba, kanisa la bluu, tangi, mlango wa kahawia. Kibarabara cha matope alikifuta kwa haki. Vyoo alivifuta kwa haki. Na Shosho akamfuta pamoja navyo. Alikuwa amekulia Makongeni, kwenye nyumba za reli, na kwao mgeni hubisha mlango anaoutaka.

Siku ilipofika niliketishwa nyuma ya pazia. Nyumba yetu ni chumba kimoja, na pazia ndilo linaloifanya iwe nyumba ya heshima. Msichana haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Nilikuwa na kidirisha changu kinachotazama nje na tundu la pazia linalotazama ndani, kwa hiyo sikulalamika.

"Hodi!"

Baba aliinuka. Mama akamshika mkono wa koti.

"Ni wao," baba alinong'ona.

"Si wao. Wao wako kwa Shosho."

"Naona viatu vyao hapa chini ya mlango."

"Viatu vya nani? Mimi hakuna mtu nimeletewa."

Nilichungulia nje. Walikuwa watatu, wanaume peke yao: baba yake, mstaafu wa reli, amevaa suti na kofia, baba yake mdogo, amekumbatia mfuko wa sukari na majani ya chai, na yeye mwenyewe, na kreti ya soda begani. Nyuma yao, kwenye mlango wa kijani, Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda na kitambaa chake cha kanisani kichwani, chupa ya chai kando yake, sahani ya mandazi imefunikwa. Walikuwa wamempita karibu sana hata mmoja wao nusura amkanyage, na hawakumpa hata salamu. Walidhani ni mama mzee anayeota jua. Nikamwona anainuka, anaingiza chupa, anaingiza sahani, anaingiza kigoda, anafunga mlango.

Hapo niliogopa. Nilimjua Shosho, na nilijua kwamba mlango ule ukifungwa kwa hasira, hakuna harusi.

Mzee wa reli akabisha tena. Ndani kimya. Akatazama saa yake, maana watu wa reli hufika kwa saa na hutegemea wengine pia wawe na saa.

"Kijana," alisema, "mlango ukibishwa mara mbili na watu wako ndani, hilo ni jibu. Hawa watu hawatutaki. Tusijidhalilishe."

Nilichukua simu nikamwandikia mchumba wangu: Ingieni kwa Shosho!

Nilimwona anahangaika kuitoa simu mfukoni na kreti begani. Akajibu: Tushafika, mbona turudi?

Nikaandika: Hamjafika!

Akaandika: Ni kuingia na kutoka tu. Ni kitu moja.

Kitu moja! Huko nje mzee alikuwa ameshageuka na kuanza kutembea, baba mdogo nyuma yake na sukari yake, na maisha yangu yalikuwa yanaondoka nao kuelekea kwenye tangi. Nilisahau pazia, nilisahau heshima. Niliweka mdomo kwenye kidirisha nikapiga kelele kwa sauti ambayo laini nzima iliisikia:

"Shosho ni linki!"

Ndani, baba alifunika uso kwa viganja. "Aki huyu mtoto," alisema mama. Nje, mzee alisimama akamuuliza mwanawe, "Linki ni kitu gani?"

Mchumba wangu alishusha kreti chini polepole. Niliuona uso wake ukibadilika, na sijawahi kuupenda kama dakika ile.

"Baba, ngoja," alisema. "Ukiingia pale, hutokei pale."

Baba yake alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua.

Siku hizi programu yake huuliza. Inasimama kwenye kila jina, inaiuliza mashine kama hiyo ni folda ya kweli au ni linki, inaifuata inakoelekea, na ndipo inarudi nyuma kutokea huko. Inakawia kidogo, na hakuna kanisa lililowahi kulalamika. Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa ile tulikuwa na mlango wa kijani uliofungwa.

"Hodi, Shosho," mchumba wangu alibisha.

"Nani?"

"Ni wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wa hapa mbele yako."

"Basi hapa mbele yangu mnapajua. Si mlipita mkienda? Mguu wangu ulikuwa kwa njia, mniwie radhi."

Mzee wa reli alivua kofia. "Mama, tusamehe. Sisi ni wageni, hatukujua."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja. Jicho likamtafuta mchumba wangu na kumkazia. "Wewe ndiye mwenyewe? Mmetoka wapi?"

"Makongeni."

"Sijauliza mmelala wapi. Nimeuliza mmetoka wapi."

"Magharibi."

"Magharibi ni pale jua linazamia. Mtoto, anza mwanzo."

Na hivyo ndivyo mtu asiyevumilia kitu kirefu alivyolazimishwa kutoa njia kamili, kutoka kwenye shina. Alianza na kilima, akaambiwa kilima kina mto. Akaeleza mto, akaulizwa ni nyumba gani iliyokuwa karibu na mto. Akafika kwa babu aliyejiunga na reli, akaruka hadi kwa baba yake, akarudishwa aeleze babu alioa wapi. Asichokijua alikisema mzee, na mzee alipokuwa anakisema, sauti yake ilianza kupata raha. Mimi kidirishani nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka Shosho amuulize mpaka jina la ng'ombe.

"Na mama yako?" aliuliza Shosho.

"Mama hayuko."

"Sijauliza kama yuko. Nimeuliza ni nani."

Tangu nimjue, alikuwa amenipa sentensi moja tu juu ya mama yake, kwamba alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Nami niliipokea hivyo, nikidhani ndivyo alivyo, mtu wa maneno mafupi. Alisimama pale na mikono yake haina kazi, kisha akaanza. Alimtaja jina, jina ambalo sikuwa nimelisikia. Alisema alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango la Makongeni. Alisema akisimulia kisa alianza kucheka kabla ya kufika mwisho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuusikia mwisho wa kisa chake hata kimoja. Alisema alikuwa akimfunga vifungo vya sweta ya shule kuanzia chini, na yeye mpaka leo hufunga shati kuanzia chini. Alisema mengine, moja baada ya jingine, bila kupunguza. Baba yake alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili na kutazama ardhi. Mimi nililia kimya kimya kwa sababu nilikuwa nimechumbiwa na mtu huyu na sikumjua.

Mlango wa kijani ukafunguka wote.

Walikaa mle muda mrefu. Mwanzoni nilisikia vikombe, kisha sauti ya Shosho, kisha kicheko cha mzee wa reli kilichomshtua hata mwanawe. Mama alipasha chakula moto tena, akinung'unika kwa furaha. Baba alitoka akaichukua ile kreti ya soda iliyoachwa juani, akairudisha pale pale haraka, akikumbuka kwamba hatujaiona.

Walipotoka, Shosho alitangulia. Hakubisha. Mama alifungua kabla mkono wake haujainuka, akasema, "Karibuni, karibuni, mgeni njoo mwenyeji apone," kana kwamba ndiyo kwanza wanatokea.

Viti vilikuwa vimepangwa kwa pande mbili. Upande wetu ulikuwa karibu na pazia, wao karibu na mlango. Kiti cha Shosho kilikuwa cha kwetu, kando ya mama, kile chenye mto wa kushonwa kwa mkono. Ndipo anapoketi katika shughuli zote za laini hii, na ndipo alipo na sauti ya kukataa au kukubali pamoja na wazazi. Nilimwona kupitia kwenye tundu akikitazama kile kiti na kukipita. Akaenda upande wa pili. Baba mdogo aliinuka bila kuambiwa, na Shosho akaketi mahali pake, kati ya mzee wa reli na mwanawe.

"Mama," baba yangu alisema kwa upole, akidhani ni uzee, "upande wako ni huku."

Shosho alitengeneza leso yake magotini, hakuwa na haraka. "Huyu kijana hana mama wa kukaa hapa," alisema. "Leo nimetokea huku."

Mchumba wangu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Mama yangu aliinuka, akauchukua ule mto kutoka kwenye kiti kitupu, akavuka chumba, akauweka nyuma ya mgongo wa Shosho. Kisha akarudi kukaa kando ya baba, mikono mapajani, kama mwenyeji.

"Haya," Shosho alisema, akimtazama mama yangu kana kwamba hawajawahi kuonana. "Tumekuja. Tumesikia hapa mna binti."